Hoja Namba 13: Kodi ya Nyumba na Shule za California

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mliomo madarasani hivi sasa,

Kamati ya jarida imenitaka nijaze kurasa za historia mwaka huu. Huenda wengi mlitarajia habari za Vita vya Maji Maji, au za waasisi wa shule yetu. Hayo yamekwisha kuandikwa humu na watu wanaoyajua kunizidi. Mimi ni mtumishi wa halmashauri, na kazi yangu ya kila siku ni makisio ya mapato na matumizi. Kwa hiyo naomba ruhusa yenu niandike juu ya jambo linalohusu kazi yangu, ijapokuwa lilitokea mbali: jinsi wananchi wa jimbo la California, nchini Marekani, walivyoamua wao wenyewe kwa kura ni kodi kiasi gani watalipa, na kura hiyo ikazifanya nini shule zao. Nilikutana na kisa hiki kwa mara ya kwanza nilipokuwa Mlimani, katika somo la fedha za umma, na sijaacha kukifuatilia tangu hapo.

Kwetu kura ya maoni ni jambo la nadra. Wazanzibari walipiga moja tarehe 31 Julai, 2010, juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Jirani zetu Wakenya walipiga mwaka 2005 na tena mwaka 2010 juu ya Katiba. Kule California ni jambo la kawaida kabisa. Tangu mwaka 1911 sheria ya jimbo lile humruhusu mwananchi yeyote kuandika hoja yake, akazunguka kukusanya saini za wapiga kura, na zikitimia idadi inayotakiwa hoja hiyo huingizwa katika hati ya kura bila kupitia Bungeni. Mwanzilishi wa utaratibu huo alikuwa Gavana Hiram Johnson, na shabaha yake ilikuwa nzuri. Wakati ule kampuni ya reli ya Southern Pacific ilikuwa na nguvu kubwa mno katika siasa za jimbo, na Johnson alitaka wananchi wawe na mlango wa nyuma pale mlango wa mbele unapofungwa na wenye fedha. Hoja hupewa namba. Kabla ya siku ya kupiga kura kila mpiga kura hupelekewa kijitabu chenye maneno ya kila hoja, maelezo ya gharama zake, na mabishano ya wanaoiunga mkono na wanaoipinga. Kisha mtu huweka alama yake: Ndiyo au Hapana.

Sasa tuje kwenye shule. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya fedha za shule za umma kule ilitokana na kodi ya majengo na ardhi. Nchi imegawanywa katika wilaya za shule, kila moja na bodi yake iliyochaguliwa na wakazi, na bodi hiyo ilikuwa na uwezo wa kupanga kiwango cha kodi. Ukisikia haraka haraka utasema huo ndio ujirani mwema, kila mji kulea watoto wake. Lakini tazameni hesabu hizi za mwaka wa masomo 1968–69, ambazo zilisomwa mahakamani. Wilaya ya Baldwin Park, ya watu wa kipato cha chini, ilitumia dola 577 kwa mwanafunzi mmoja. Wilaya ya Beverly Hills, wanakoishi matajiri, ilitumia dola 1,231. Ziko katika wilaya moja kubwa ya utawala, ile ya Los Angeles. Na si kwamba watu wa Baldwin Park walikuwa wabahili. Wao walijitoza dola 5.48 kwa kila dola 100 za thamani ya mali iliyokadiriwa, na wenzao wa Beverly Hills wakajitoza dola 2.38 tu. Maskini alitoa zaidi ya mara mbili ya tajiri kwa kiwango, akapata chini ya nusu, maana nyumba zake hazikuwa na thamani.

Mzazi mmoja aliyeitwa John Serrano, pamoja na wazazi wengine, walifungua kesi mwaka 1968. Tarehe 30 Agosti, 1971, Mahakama ya Juu ya California ilitamka kwamba utaratibu unaofanya elimu ya mtoto itegemee utajiri wa majirani zake haupatani na Katiba. Mwaka 1976 mahakama hiyo hiyo ikashikilia uamuzi wake, safari hii kwa nguvu ya Katiba ya jimbo lenyewe, kwa kuwa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilikuwa imekataa hoja kama hiyo kutoka Texas mwaka 1973, kwa majaji 5 dhidi ya 4. Bunge la California likalazimika kutafuta njia ya kusawazisha, na njia hiyo ilikuwa ni kuziwekea kikomo wilaya zenye mali na kuzisogeza juu zile zisizo nayo.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likichemka. Katikati ya miaka ya 1960 iligundulika kwamba baadhi ya wathamini wa majengo walikuwa wakipokea fedha ili wayathamini chini majengo ya wafanyabiashara fulani. Bunge likapitisha sheria mwaka 1966 kwamba mali zote zithaminiwe kwa uwiano mmoja wa bei ya soko. Nani angepinga sheria ya uaminifu? Ila katika ule utaratibu wa zamani, pamoja na uchafu wake, wathamini wengi walikuwa pia wakizihurumia kimya kimya nyumba za kuishi. Uaminifu ulipoingia, huruma ikatoka. Ndugu zangu wa idara za uthamini watakuwa wanatabasamu hapa.

Kisha bei za nyumba zikapanda katika miaka ya 1970 kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Mzee aliyestaafu, aliyenunua kijumba chake zamani kwa mshahara wa karani, aliletewa taarifa kwamba sasa ana mali ya thamani kubwa na kodi yake imepanda vivyo hivyo. Pensheni yake ilikuwa ile ile. Hakuwa ameuza kitu, hakuwa ameshika senti moja ya hiyo thamani mpya. Naomba tusimdharau mzee huyu. Watu wengi wanaosimulia kisa hiki humfanya kuwa mchoyo, nami sikubaliani nao. Hazina ya jimbo wakati huo ilikuwa na akiba ya mabilioni ya dola, wabunge walikaa mwaka mzima wa 1977 wakabishana bila kuafikiana namna ya kuwapunguzia wananchi mzigo, na mzee akaendelea kupokea ankara.

Hapo ndipo alipoingia Howard Jarvis, mfanyabiashara mstaafu mwenye sauti ya ukali na uhodari wa jukwaani, aliyekuwa amejaribu hoja za kupunguza kodi mara kadhaa na kushindwa. Safari hii alishirikiana na Paul Gann, wakakusanya saini zaidi ya milioni 1. Hoja yao ikapewa namba 13. Ilisema hivi kwa ufupi: kodi ya majengo na ardhi isizidi asilimia 1 ya thamani, thamani irudishwe ilivyokuwa mwaka 1975, isiongezwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka mali itakapouzwa, na tangu hapo Bunge lisiongeze kodi za jimbo ila kwa thuluthi mbili ya wabunge, wala mji au wilaya isitoze kodi maalumu ila kwa thuluthi mbili ya wapiga kura.

Chama cha walimu kiliipinga. Gavana Jerry Brown aliipinga. Magazeti makubwa na hata baadhi ya makampuni makubwa yaliipinga. Tarehe 6 Juni, 1978, wananchi waliipitisha kwa karibu asilimia 65.

Mapato ya kodi hiyo yalishuka mara moja kwa zaidi ya nusu, yaani takriban dola bilioni 7. Kiangazi kile kile wilaya nyingi za shule zilifuta masomo ya likizo. Maktaba zilipunguza saa za kufungua. Gavana Brown, aliyekuwa akiipinga hoja juzi, aligeuka akawa mtekelezaji wake hodari kiasi kwamba wengine walidhani aliibuni yeye. Maafa makubwa hayakutokea mwaka ule kwa sababu Bunge liliifungua ile akiba ya Hazina na kuzigawia wilaya na shule fedha za kuzibia pengo.

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapoliona jambo lenyewe. Katika maneno ya Hoja Namba 13 kuna kifungu kidogo ambacho nadhani wapiga kura wachache sana walikitafakari. Kinasema kwamba ile kodi ya asilimia 1 itakusanywa na wilaya na kugawanywa kwa mujibu wa sheria. Sheria ya nani? Ya Bunge la jimbo, kule Sacramento. Kabla ya hapo bodi ya shule ya mji ilipanga kodi yake na kuwajibika kwa jirani zake. Baada ya hapo haikuwa na kiwango cha kupanga. Iliketi kusubiri mgawo. Watu waliopiga kura ili serikali isiwaguse walichukua madaraka kutoka mikononi mwa majirani zao, ambao wangeweza kuwafokea sokoni, na kuyapeleka makao makuu ya jimbo, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka Los Angeles. Hati ya kura haikuuliza hivyo. Iliuliza juu ya kodi tu.

Sisi tunaofanya kazi katika serikali za mitaa hapa Tanzania hatuhitaji ramani kulielewa hilo. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha halmashauri; mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme kwa LUKU. Ni rahisi kukusanya, sikatai. Lakini mwenye nyumba anayekatwa shilingi zake kwenye umeme hana tena sababu ya kuja ofisini kwetu kuuliza mtaro wa mtaa wake umefikia wapi, na akija, mimi nina jibu fupi zaidi la kumpa kuliko alilokuwa nalo mtangulizi wangu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyepigiwa kura. Kule walijichagulia.

Mchumi mmoja, William Fischel, amedai kwamba ile hukumu ya Serrano ndiyo iliyozaa Hoja Namba 13. Asema wenye nyumba walivumilia kodi kubwa muda wote walipoona inarudi kwa watoto wao, na walipoambiwa kwamba igawanywe jimbo zima wakaona hakuna tena faida ya kuilipa. Wataalamu wengine wanambishia, na mimi naona anaipuuza mno ile ankara ya mzee. Hata hivyo kuna kitu cha kweli katika hoja yake, na si cha kufurahisha: usawa ulikuja kweli kwa kiasi fulani baada ya 1978, kwa kuwashusha wa juu zaidi kuliko kuwapandisha wa chini. Jimbo lililokuwa likisifiwa kwa shule zake likawa kwa miaka mingi chini ya wastani wa nchi kwa fedha inayotumika kwa mwanafunzi, na madarasa yake yakawa miongoni mwa yale yenye watoto wengi zaidi. Wazazi wa miji ya kitajiri wakaunda mifuko ya hiari ya kuchangia shule zao. Baldwin Park haikuwa na watu wa kuchangia kiasi hicho.

Vijana, neno “mchango” mnalijua. Ada ya shule za msingi ilifutwa nchini mwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafutwa kuanzia Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima. Basi sikilizeni yaliyotokea Santa Barbara. Shule za sekondari za wilaya ile, zilipopungukiwa, ziliamua kutoza dola 25 kwa mwanafunzi anayetaka kuchezea timu ya shule, na kadhalika kwa muziki na michezo ya kuigiza. Asiyeweza alipewa fomu ya kuomba msamaha. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya California, na mwaka 1984 ikaamua kwamba Katiba ya jimbo ya mwaka 1879 inaagiza shule za bure, kwamba michezo na muziki ni sehemu ya elimu, na kwamba ile fomu ya msamaha haikuponya kitu, kwa kuwa haki ya mtoto haiwi haki ikiwa lazima kwanza athibitishe umaskini wa mzazi wake. Kila nikiisoma hukumu hiyo huwakumbuka wenzangu wawili watatu wa darasa letu, ambao wataniwia radhi nisipowataja.

Kuhusu haki kati ya majirani, mambo yalikuwa ya ajabu. Kwa kuwa thamani ilibaki ya mwaka 1975 mpaka nyumba iuzwe, nyumba mbili pacha katika mtaa mmoja zililipa kodi tofauti kabisa. Mwanamke mmoja wa Los Angeles aliyenunua nyumba ya kawaida mwaka 1988 kwa dola 170,000 aligundua kwamba analipa karibu mara 5 ya majirani zake wa zamani, na karibu sawa na mwenye jumba la dola milioni 2.1 ufukweni Malibu. Alishtaki hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1992 majaji 8 kati ya 9 walisema jimbo lina haki ya kufanya hivyo. Hoja nyingine ya mwaka 1986 ilikuwa imeruhusu mtoto kurithi nyumba pamoja na ile thamani yake ya zamani, mpaka masharti yalipokazwa kwa hoja ya mwaka 2020.

Walimu nao hawakukaa kimya. Walijifunza mchezo. Novemba 1988 waliwaletea wananchi Hoja Namba 98, inayoagiza kwamba sehemu fulani ya bajeti ya jimbo, takriban asilimia 40, iende kwanza kwenye shule na vyuo vya jamii. Ilipita kwa kura chache, asilimia 50.7. Mimi ni mtoto wa mwalimu na ningeipigia kura ya Ndiyo. Ila tazameni walichokabidhiwa watu wa bajeti: mwaka 1978 wananchi walisema fedha isichukuliwe, mwaka 1988 wananchi hao hao walisema fedha itolewe. Kila swali liliulizwa peke yake, kila jibu likawa sehemu ya Katiba. Vyuo vikuu, hospitali na huduma za wazee, ambavyo havikuandikiwa ulinzi wa namna hiyo, ndivyo vilivyobaki kugombea kilichosalia. Na asilimia 40 ya bajeti iliyoporomoka ni fedha iliyoporomoka: uchumi ulipoanguka mwaka 2008 walimu kwa maelfu walipewa barua za kupunguzwa kazi licha ya ulinzi huo.

Ndiyo maana baadhi yenu mlinisikia katika mkutano mkuu uliopita nikisumbua, nikiomba kwamba kura ya kupunguza ada ya uanachama isipigwe mpaka tupige pamoja na kura ya ukarabati wa maabara. Mwenyekiti alinivumilia. Kura zilipigwa mbili, ada ikapungua, maabara ikakubaliwa, na mweka hazina wetu anajua hali ilivyo.

Jimbo la Massachusetts lilifuata mkondo huo mwaka 1980 kwa hoja yake ya kuzuia kodi ya mji isizidi asilimia 2.5 ya thamani ya mali. Wao lakini waliacha mlango: mji ukitaka kuvuka kikomo kwa ajili ya shule au zimamoto huitisha kura yake, na wingi wa kawaida watosha. California iliweka thuluthi mbili, na kwa kiwango hicho kodi maalumu iliyopendekezwa na bodi ya shule ikipata asilimia 66 ya kura huanguka. Mtu mmoja kati ya watatu huwashinda wawili. Mwaka 2000 wananchi walilegeza sharti hilo kwa mikopo ya majengo ya shule peke yake, likawa asilimia 55.

Jarvis alifariki mwaka 1986 na Gann mwaka 1989. Jerry Brown aliishi kuyaona matunda. Alirudi kuwa gavana mwaka 2011, miaka 28 baada ya kuondoka, akakuta hazina tupu. Kwa kuwa thuluthi mbili ya Bunge haikupatikana, ilimbidi atumie mlango ule ule wa Hiram Johnson aliopitia Jarvis: alikwenda kwa wananchi na Hoja Namba 30, kuongeza kodi ya mauzo kwa miaka 4 na kodi ya mapato ya wenye kipato kikubwa kwa miaka 7. Safari hii, tofauti na desturi, maswali mawili yaliunganishwa, kwa kuwa bajeti ilikwisha kupitishwa na makato yameandikwa humo: Hapana ingekuwa na maana ya mwaka wa masomo uliofupishwa. Novemba 2012 walisema Ndiyo kwa asilimia 55. Mwaka uliofuata Bunge likatunga utaratibu mpya wa mgawo, unaozipa fedha zaidi wilaya zenye watoto wengi wa familia maskini na wale wanaojifunza Kiingereza, zikiwemo za namna ya Baldwin Park.

Hoja Namba 13 yenyewe bado ipo. Mwaka 2020 ililetwa hoja ya kuwaondolea ngao hiyo wenye majengo makubwa ya biashara na kuwaachia wenye nyumba za kuishi. Ikashindwa kwa asilimia 48 dhidi ya 52. Ile nyongeza ya kodi ya mapato ya mwaka 2012 iliongezewa muda na wapiga kura mwaka 2016, kwa asilimia 63. Muda huo unamalizika mwisho wa mwaka 2030, wakati ambapo vijana wa kidato cha kwanza wa leo watakuwa wamekwisha kutoka hapa shuleni na wamefikia umri wa kupiga kura au wanaukaribia.